Chuma Nyuma ya Jiwe: Historia ya Namna Kuta Zilivyovishwa Mawe

Jengo kubwa lenye uso wa marumaru au granaiti humwonyesha mpita njia jiwe peke yake, na kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba jiwe hilo ndilo linalobeba ghorofa zote zilizo juu yake. Katika majengo marefu yaliyosimamishwa tangu mwisho wa karne ya 19, mambo hayako hivyo. Kinachobeba uzito ni fremu ya chuma au ya zege iliyo ndani, na jiwe ni vazi, yaani mabamba membamba yaliyotundikwa juu ya fremu hiyo kwa vipande vya chuma ambavyo jicho halivioni. Vipande hivyo ni vya namna tatu. Kibano hushika mawe mawili yaliyo jirani yasiachane. Pini ni kijiti cha chuma kinachozama nusu katika jiwe moja na nusu katika jingine. Na kishikizo ni mkono unaotoka ukutani ukalibeba bamba kwa chini au kulizuia kwa juu lisiinamie nje.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na neno hilo lililosemwa juu ya vyombo vya baharini linafaa pia kwa kuta za mawe. Historia ya kazi hii, tangu mahekalu ya Wagiriki hadi majengo marefu ya Chicago, inathibitisha jambo moja: umri wa ukuta uliovishwa mawe hautegemei ugumu wa jiwe pekee, bali unategemea zaidi afya ya chuma kilicho nyuma yake na jinsi viwili hivyo vinavyopatana. Somo hilo lilijulikana mapema, likasahauliwa zaidi ya mara moja, na kila liliposahauliwa lilinunuliwa upya kwa bei kubwa.

Wagiriki na siri ya risasi, karne ya 5 KK

Wajenzi wa Misri ya kale walikuwa tayari wameyafunga mawe yao kwa vibano, vingi vikiwa vya mbao, vilivyochongwa vikawa vipana miishoni na vyembamba katikati ili visichomoke. Hata hivyo, walioifikisha kazi ya vibano vya chuma kwenye ukamilifu wake wa kwanza ni mafundi wa Athens, waliolijenga hekalu la Parthenon kuanzia mwaka 447 KK kwa marumaru nyeupe kutoka mlima Pentelikon. Kuta za hekalu hilo hazikuunganishwa kwa chokaa wala udongo. Kila jiwe lilisuguliwa hadi likalala juu ya mwenzake bila kuacha nafasi, kisha likafungwa kwa jirani yake kwa kibano na kwa jiwe la chini yake kwa pini.

Namna kibano hicho kilivyotiwa inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake kuna karibu kila jambo ambalo wahandisi wa karne ya 20 walilazimika kujifunza upya. Fundi alitumia tindo kuchonga mfereji mfupi uliovuka kiungio, nusu yake ikiwa katika jiwe la kushoto na nusu katika jiwe la kulia, wenye kichwa kipana kila upande kama herufi T mbili zilizounganishwa miguu. Ndani ya mfereji huo alilaza kibano cha chuma chenye umbo hilohilo, kilichofuliwa kwa nyundo mara nyingi hadi takataka nyingi zikatoka. Baada ya hapo alimimina risasi iliyoyeyushwa, nayo ikaenea kila upande wa chuma na kujaza nafasi yote iliyobaki kabla ya kupoa na kuganda.

Risasi hiyo ilifanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, ilikishika kibano kisicheze ndani ya mfereji wake. Pili, ilikizuia chuma kisiguswe na maji wala hewa, na chuma kisichopata viwili hivyo hakiwezi kushika kutu. Tatu, kwa kuwa ni metali laini, ilikubali kubonyea kidogo pale tetemeko la ardhi lilipoyasukuma mawe, hivyo nguvu ya mtikisiko haikufika kwenye marumaru ikiwa kali kama ilivyoanza. Vingi kati ya vibano hivyo vilikutwa vizima baada ya zaidi ya miaka 2,000, na pale vilipong'olewa au kupasuliwa, mara nyingi ni vita au mikono ya wanadamu iliyofanya hivyo.

Rumi: jiwe linageuka vazi

Kwa Wagiriki wa Parthenon jiwe lilikuwa ukuta wenyewe. Mabadiliko makubwa yalitokea Rumi, ambako wajenzi waligundua kwamba kiini cha ukuta kinaweza kujengwa kwa zege ya chokaa na majivu ya volkano, au kwa matofali, kisha uso wake ukafunikwa kwa mabamba ya jiwe la thamani. Mwandishi Plinio Mkubwa anamtaja Mamurra, ofisa aliyesimamia kazi za uhandisi katika jeshi la Julius Caesar huko Gallia, kuwa mtu wa kwanza mjini Rumi kuzifunika kuta za nyumba yake nzima kwa marumaru, katika kilima cha Caelius. Plinio aliliona jambo hilo kuwa alama ya anasa, lakini kwa historia ya ujenzi lilikuwa na maana nyingine: jiwe lilikuwa limetenganishwa na kazi ya kubeba, na kuanzia hapo swali la kinacholishika likawa swali la kufa na kupona kwa ukuta.

Jibu la Warumi lilikuwa la tabaka mbili. Mabamba yalipasuliwa kwa msumeno usio na meno, ambao ulikata kwa mchanga na maji yaliyomiminwa chini yake, kisha yakabandikwa juu ya tabaka nene la chokaa iliyochanganywa na vipande vya matofali au marumaru. Chokaa peke yake haikuaminiwa. Kila bamba lilishikwa pia ukingoni kwa kulabu ndogo za shaba nyeusi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati, au za chuma, ambazo mkia wake ulizamishwa katika tundu la ukutani na kukazwa kwa vipande vya marumaru. Katika magofu mengi ya Rumi mabamba yametoweka kabisa, na kinachomwonyesha mtafiti mahali yalipokuwa ni safu za matundu hayo madogo, yaliyopangwa kwa vipimo vya mabamba yenyewe.

Uwanja wa Colosseum, uliojengwa kati ya mwaka 70 na 80 BK, unaonyesha njia ya pili, ile ya mawe mazito. Nguzo na matao yake ya nje yalijengwa kwa travatini, aina ya jiwe la chokaa lenye vitundu, kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa mita za ujazo 100,000, bila chokaa kati ya jiwe na jiwe. Yalifungwa kwa vibano vya chuma ambavyo uzito wake kwa jumla unakadiriwa kufikia tani 300. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba chuma hakikuwa kitu cha kuongezea baada ya ukuta kukamilika. Kilikuwa sehemu ya ukuta, na mjenzi alikipangia bajeti kama alivyolipangia jiwe.

Karne za kuvuliwa na karne za kusahau, 500 hadi 1800

Baada ya dola ya Rumi ya magharibi kuanguka, ufundi wa kuvisha kuta mawe uliendelea katika dola ya mashariki. Kanisa la Hagia Sophia mjini Constantinople, lililojengwa kati ya mwaka 532 na 537, lilivishwa ndani kwa mabamba ya marumaru ambayo fundi aliyapasua kutoka jiwe moja na kuyafungua kama kurasa za kitabu, hata mishipa ya jiwe ikakutana katikati kama picha ya kioo. Karne saba baadaye, Waveneti walioshiriki kuuteka mji huo mwaka 1204 walisafirisha nguzo na marumaru nyingi hadi Venice, na baadhi ya mali hiyo ikatumika kuuvisha ukuta wa matofali wa kanisa la Mtakatifu Marko.

Mjini Rumi kwenyewe mambo yalikwenda kinyume. Metali ilipokuwa haba, watu waliona katika majengo ya kale mgodi uliokuwa tayari umechimbwa. Mwaka 663 Kaisari Constans wa Pili aliamuru vigae vya shaba vya paa la Pantheon ving'olewe. Katika Zama za Kati, wachimbaji walitoboa viungio vya Colosseum ili kuchomoa vibano na risasi yake, na matundu waliyoyaacha yanaonekana mpaka leo katika kila nguzo ya nje. Mawe yaliyokosa vibano yalibaki yameshikiliwa na uzito wao pekee, na tetemeko la mwaka 1349 liliangusha sehemu kubwa ya upande wa kusini wa ukuta wa nje. Ardhi laini ya upande huo ilichangia, lakini ukuta uliotikiswa siku hiyo haukuwa tena ule ambao Warumi walikuwa wameufunga.

Wizi wa metali ulikuwa hasara ya wazi. Hasara ya pili ilikuja kimyakimya, nayo ilitokana na kusahau sababu ya risasi. Ulaya ya karne ya 17 na ya 18 ilirudi kwenye mahekalu ya kale kama mfano wa uzuri, na wasanifu wake wakataka nguzo zilizoachana sana na paa bapa za mawe ambazo jiwe peke yake lisingeweza kuzibeba. Walitafuta msaada kwa chuma. Mjini Paris, msanifu Jacques-Germain Soufflot na waliomfuata walilijenga kanisa la Sainte-Geneviève, linalojulikana sasa kama Panthéon, kati ya mwaka 1758 na 1790, wakiingiza fito na vibano vingi vya chuma ndani ya mawe ya chokaa. Chuma hicho hakikulindwa vya kutosha. Maji yaliyopenya kwenye viungio yalikifikia, nacho kikaanza kushika kutu.

Hapa inafaa kueleza kwa nini kutu ni adui wa jiwe kuliko wa chuma chenyewe. Chuma kinapoungana na oksijeni na maji hugeuka kuwa kitu kingine chenye ujazo mara kadhaa zaidi ya ule wa awali. Kibano kilichozamishwa ndani ya jiwe hakina mahali pa kupanukia, hivyo kutu husukuma kuta za tundu lake kwa nguvu ambayo jiwe haliwezi kuistahimili, kwa kuwa jiwe lina nguvu nyingi linapogandamizwa na nguvu chache linapovutwa. Ufa huanzia ndani, hufika usoni, huruhusu maji mengi zaidi, na mzunguko huo huendelea mpaka kipande kidondoke. Ndivyo ilivyokuwa kwa Panthéon. Mawe yaliyoanguka mwaka 1985 yalisababisha ukumbi mkuu ufungwe kwa wageni, na nyavu zikatandazwa chini ya paa kuwakinga watu. Mjini London, vibano vya chuma katika kanisa la Mtakatifu Paulo, kazi ya Christopher Wren iliyoanza mwaka 1675, vilipasua mawe ya Portland kwa namna hiyohiyo.

Mifupa ya chuma na ngozi ya jiwe, 1885 hadi 1914

Mwishoni mwa karne ya 19 mji wa Chicago ulileta mageuzi ya pili baada ya yale ya Rumi. Jengo la Home Insurance, lililokamilika mwaka 1885 likiwa na ghorofa 10, lilitumia fremu ya metali kubeba sehemu kubwa ya uzito wake. Umuhimu wa hatua hiyo unaeleweka jengo hilo likilinganishwa na jengo la Monadnock la mwaka 1891 katika mji uleule, ambalo sehemu yake ya kwanza ilijengwa kwa njia ya zamani: ghorofa zake 16 za matofali zilidai kuta zenye unene wa karibu mita 1.8 pale chini. Fremu ya chuma iliuondolea ukuta mzigo huo. Mwaka 1895 jengo la Reliance lilivishwa vigae vyembamba vya udongo wa kuchoma vilivyotundikwa kwenye fremu, na madirisha yakachukua sehemu kubwa ya uso uliobaki.

Uhuru huo ulikuwa na gharama ambayo haikuonekana kwa miaka mingi. Nguzo na boriti za chuma zilijengewa matofali, mawe au vigae vilivyozigusa moja kwa moja, bila nafasi ya hewa na bila kinga ya maana dhidi ya maji. Katika majengo ya London ya mwanzoni mwa karne ya 20, kutu ya fremu ilipasua mawe ya mbele kwa wingi kiasi kwamba wahandisi waliliita tatizo hilo ugonjwa wa Regent Street, kwa jina la barabara ambako dalili zake zilionekana sana. Jina lilikuwa jipya, lakini ugonjwa ulikuwa uleule uliolikumba jengo la Soufflot, isipokuwa sasa chuma kilichokuwa kikivimba kilikuwa mfupa mzima wa jengo.

Wakati huohuo, mjini Vienna, msanifu Otto Wagner aliliuliza swali la kishikizo kwa uwazi ambao haukuwahi kuonekana kabla yake. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1896 alieleza kwamba kujenga kwa mawe mazito kwa kufuata desturi kulikula fedha na miaka bila faida, na kwamba mabamba membamba ya jiwe bora yangeweza kufanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Katika jengo la Benki ya Akiba ya Posta, ambalo sehemu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 1906, aliuvisha ukuta wa matofali kwa mabamba ya granaiti na marumaru, kisha akaviacha vichwa vya bolti vionekane, vikiwa vimefunikwa kwa kofia za aluminiamu. Mabamba hayo yalilala pia juu ya tabaka la chokaa, kwa hiyo bolti hazikuyabeba peke yake. Hata hivyo, safu za vichwa vyake, zilizotapakaa juu ya uso wa jengo zima, zilitangaza kwa kila mtu kwamba jiwe lile ni vazi na kwamba limefungwa. Alichokificha fundi wa Rumi nyuma ya marumaru, Wagner alikifanya pambo.

Chuma kisichoshika kutu, 1913 hadi 1960

Tiba ya ugonjwa wa kutu ilitoka katika maabara, mbali na viwanja vya ujenzi. Mwaka 1913, huko Sheffield nchini Uingereza, Harry Brearley, aliyekuwa akitafuta chuma kitakachostahimili joto ndani ya mitutu ya bunduki, alitengeneza chuma cha pua chenye kromi nyingi na kuona kwamba asidi hazikukila kama zilivyokula vyuma vingine. Wataalamu wa Ujerumani nao walikuwa wakifanyia kazi mchanganyiko wa kromi na nikeli. Kutokana na juhudi hizo kilizaliwa chuma ambacho mafundi hukiita stenlesi, ambacho kromi yake hujiundia utando mwembamba sana usoni, na utando huo ukikwaruzwa hujirudia wenyewe maadamu kuna oksijeni.

Metali hiyo ilichukua miaka mingi kuingia katika kazi ya mawe kwa sababu ilikuwa ghali. Jengo la Empire State la New York, lililokamilika mwaka 1931, liliitumia nje, katika mistari inayong'aa kati ya madirisha, huku mawe yake ya chokaa kutoka Indiana yakiegemezwa juu ya ukuta wa matofali kwa desturi ya wakati ule. Mawe ya namna hiyo yalikuwa na unene wa takriban sentimita 10. Unene huo ulikuwa akiba ya usalama ambayo wengi hawakuihesabu, kwa sababu bamba nene lilivumilia tundu lililotobolewa vibaya au kishikizo kilichokaa vibaya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shaba nyeusi na stenlesi ndizo zilizozidi kuchaguliwa kwa vipande vinavyoligusa jiwe moja kwa moja, na ilionekana kana kwamba tatizo la Wagiriki limepata jibu la kudumu.

Jiwe linakuwa jembamba, 1960 hadi 1990

Misumeno yenye almasi ilifungua mlango mwingine. Viwanda vya Carrara nchini Italia sasa viliweza kulipasua jiwe hadi unene wa sentimita 3 au chini yake, haraka na kwa bei ambayo mwenye jengo la ghorofa 80 aliimudu. Jiwe jembamba lilikuwa jepesi, na jengo jepesi lilihitaji fremu ndogo zaidi. Lakini unene ulipopungua, akiba iliyokuwa ikifunika makosa ilipungua pia, na mzigo wote wa usahihi ukaangukia vishikizo.

Shida ya kwanza ilitokana na mwendo wa jengo. Nguzo za zege hufupika kidogo kidogo kwa miaka kadhaa kwa sababu ya kukauka na kubeba mzigo, ilhali mabamba ya jiwe hayafupiki. Pale ambapo mabamba yalipangwa moja juu ya jingine bila nafasi, fremu iliyoshuka iliyagandamiza, na vazi likajikuta linabeba uzito ambao halikuumbiwa. Dawa yake ilikuwa kuweka pembe ya chuma katika kila ghorofa ili ibebe mawe ya ghorofa hiyo peke yake, na chini ya pembe hiyo kuacha kiungio laini, kilichojazwa gundi inayonyumbuka, ili jengo lisogee bila kuliumiza jiwe.

Shida ya pili ilikuwa ndani ya marumaru yenyewe, na jengo la Standard Oil la Chicago, lililoitwa baadaye Amoco, likaifunza dunia nzima. Jengo hilo la msanifu Edward Durell Stone lilikamilika mwaka 1973 likiwa na ghorofa 83 na urefu wa karibu mita 346, na lilivishwa takriban mabamba 43,000 ya marumaru nyeupe ya Carrara. Katika siku zake za mwanzo bamba moja lilichomoka likatoboa paa la jengo jirani. Ukaguzi wa miaka ya 1980 ulikuta mabamba mengi yamepinda, yamevimba kuelekea nje kama bakuli lililofudikizwa, na nyufa zimeanza pale vishikizo vilipoingia ukingoni. Mikanda ya chuma ilifungwa kuyazuia kwa muda, na kati ya mwaka 1990 na 1992 marumaru yote ilishushwa na nafasi yake kuchukuliwa na granaiti nyeupe ya Mount Airy, kutoka jimbo la North Carolina, yenye unene wa karibu sentimita 5. Kazi hiyo iligharimu zaidi ya dola milioni 80.

Sababu ilikuwa katika fuwele za kalsaiti, madini yanayounda marumaru. Fuwele hizo zikipata joto hutanuka upande mmoja na kunywea kidogo upande mwingine, kwa hiyo chembe jirani husukumana, muungano wao hulegea, na jiwe likipoa halirudi kikamilifu katika umbo lake. Unyevu huzidisha hali hiyo. Katika jiwe nene uharibifu wa usoni huzuiliwa na sehemu kubwa ya ndani iliyo tulivu, lakini bamba la sentimita 3 halina ndani ya kutosha. Ukumbi wa Finlandia mjini Helsinki, kazi ya Alvar Aalto iliyofunguliwa mwaka 1971, ulipatwa na jambo lilelile. Marumaru yake ilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa marumaru nyingine ya Carrara, nayo ikapinda tena, na katika ukarabati uliokamilika mwaka 2025 ikachaguliwa marumaru ya Lasa. Mjini Toronto, bamba lilianguka mwaka 2007 kutoka jengo la First Canadian Place, na mabamba yake 45,000 hivi yakaondolewa na kuwekwa vioo. Vishikizo vya stenlesi vilikuwa vimeushinda ushindani na kutu, lakini chuma kizima hakina faida kikishika jiwe linalodhoofika.

Sheria inaingia kazini, 1976 na baadaye

Kabla ya wahandisi kumaliza kuzieleza sababu, watu walikuwa wamekwisha kufa. Mwaka 1974 mwanamke mmoja aliuawa mjini Chicago na kipande cha udongo wa kuchoma kilichodondoka kutoka jengo la zamani, na mwaka 1976 mji huo ukaweka sheria ya kukagua kuta za nje. Mwaka 1979 mwanafunzi wa chuo aliuawa New York na kipande cha ukuta, na mwaka uliofuata mji ukaagiza kwamba majengo yanayozidi ghorofa sita yakaguliwe kuta zake za upande wa barabara kila baada ya miaka mitano. Mwaka 1998 agizo hilo lilipanuliwa likagusa pande nyingine pia.

Sheria hizi zilibadilisha fikra kuliko zilivyobadilisha ufundi. Hadi wakati huo ukuta wa mawe ulihesabiwa kuwa kitu kilichomalizika siku fundi aliposhuka kutoka kwenye jukwaa. Sasa ukawa kitu kinachozeeka, chenye sehemu iliyofichika inayopaswa kuchunguzwa, na mwenye jengo akabebeshwa wajibu wa kujua kilicho nyuma ya jiwe lake.

Ukuta wenye kupumua

Kutokana na misiba hiyo ulikomaa mfumo unaotumika katika majengo mengi marefu ya sasa. Bamba halibandikwi tena ukutani. Hutundikwa mbele yake, na kati ya viwili hivyo huachwa uwazi ambamo hewa hupita na maji yaliyopenya hushuka na kutoka nje. Vishikizo vya chini hubeba uzito wa bamba, na vya juu huliruhusu kutanuka lakini huzuia upepo usilisukume wala kulivuta. Matundu ya bolti hukatwa yakawa marefu, ili fundi aweze kulisogeza bamba juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa kuwa hakuna fremu ya zege inayosimama sawasawa na mchoro wake. Pale ambapo stenlesi hukutana na aluminiamu au chuma cha kawaida huwekwa kipande cha plastiki, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana katika unyevu, iliyo dhaifu huliwa upesi.

Njia ya kuliingia jiwe nayo imebadilika. Zamani pini iliingia ukingoni, mahali ambapo bamba ni jembamba na rahisi kumeguka. Katika njia mpya, tundu hutobolewa nyuma ya bamba bila kutokeza mbele, kisha ncha ya drili hulipanua sehemu ya mwisho likawa na umbo la faneli iliyogeuzwa. Kishikizo kikishaingia hufunguka na kujaza upana huo, kikashika kwa umbo lake badala ya kulisukuma jiwe kwa nguvu. Ni wazo lilelile la kibano cha Parthenon chenye kichwa kipana, ambacho hakikuhitaji kukazwa ili kisichomoke.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mambo haya si ya mbali. Kuta fupi zilizovishwa mawe ya Mazeras, yanayochimbwa bara ya Mombasa, huweza kushikwa kwa saruji pekee, lakini hukumu hubadilika jengo linapopanda ghorofa nyingi na jua, mvua na upepo vikaanza kuifanyia kazi saruji hiyo. Tena katika miji ya pwani, kuanzia Dar es Salaam na Unguja hadi Muscat, hewa ina chumvi, na chumvi huvunja hata utando wa stenlesi ya kawaida. Ndiyo maana karibu na bahari hutakiwa stenlesi iliyoongezwa molibdenamu, ile ya daraja la 316, ambayo bei yake ya juu humshawishi mjenzi achague nafuu mahali ambapo hakuna atakayeona tofauti mpaka kutu ichuruzike juu ya jiwe.

Kurudi Athens, 1975 hadi leo

Historia hii inarudi ilipoanzia. Kuanzia mwaka 1898 mhandisi Nikolaos Balanos aliongoza ukarabati wa mahekalu ya Akropolis, Parthenon likiwa mojawapo, kwa zaidi ya miaka 30, akayainua mawe mengi yaliyoanguka na kuyafunga upya. Chuma alichotumia hakikuzungushiwa risasi kama walivyofanya wa kale, na ndani ya miongo michache kilivimba kwa kutu kikapasua marumaru ambayo ilikuwa imevumilia karne 24. Mawe yaliyonusurika katika vita na matetemeko yaliumizwa na mkono uliokusudia kuyaponya, kwa sababu tu risasi ilikuwa imeonekana kama desturi ya zamani badala ya jibu la swali linalodumu.

Mwaka 1975 serikali ya Ugiriki iliunda kamati ya wataalamu, nao wakaanza kazi ndefu ya kuyashusha mawe hayo, kuchomoa chuma cha Balanos kipande kwa kipande, na kuviunganisha tena vipande vya marumaru. Badala ya chuma waliweka titani, metali nyepesi isiyoshika kutu, na pale ilipowezekana waliilaza katika mifereji ileile iliyochongwa kwa tindo katika karne ya 5 KK. Kila kibano kilipigiwa hesabu kwa namna ambayo, likija tetemeko kubwa kupita kiasi, kibano kitashindwa kabla ya jiwe. Titani iliyokatika inaweza kufuliwa nyingine, lakini marumaru iliyochongwa na mafundi wa Parthenon haina mbadala.